Shingo Kabla ya Mikono: Namna ya Kumpima Kijana wa Kirusi Barafuni

Zipo sifa zinazomdhuru msifiwa kuliko matusi, na nyingi katika sifa wanazomiminiwa siku hizi vijana wa Kirusi wachezao hoki ya barafuni ni za namna hiyo. Kijana wa miaka 16 husimama nyuma ya goli, akakichota kisahani kwa ubapa wa gongo lake, akakiinua na kukipachika katika pembe ya juu ya wavu, na kabla ya usiku kwisha watu ambao hawajapata kuketi kandokando ya barafu hata mara moja wamekwisha kumpa nafasi katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, wamemlinganisha na Ovechkin, mfungaji mashuhuri wa Kirusi, na wamemkadiria hata mshahara. Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, Moscow na Toronto, kwa vinywa vya watu waungwana wenye elimu zao, na ghadhabu niliyo nayo haimhusu kijana, ambaye hana kosa lolote, bali yahusu kazi duni ya kupima inayopewa taadhima ya maarifa. Goli la namna ile ni kazi ya mikono, na mikono ndiyo kitu cha kwanza anachofundishwa mtoto wa Kirusi. Kumsifu kwa mikono yake ni kumsifu baharia kwa kuwa anajua kuogelea.

Atakaye ushahidi na alifungue daftari la uteuzi wa vijana unaofanywa kila mwaka na vilabu vya NHL huko ng'ambo. Nikita Filatov alichaguliwa wa 6 mwaka 2008, kijana mwenye mikono ya kupendeza kuitazama, na Januari 2009 alifunga mabao 3 katika mchezo mmoja. Walakini michezo yote aliyoicheza katika NHL ni 53 na mabao yote ni 6, maana yake nusu ya mavuno yake aliyavuna usiku mmoja. Nail Yakupov wa Nizhnekamsk alikuwa wa kwanza kabisa mwaka 2012, mbele ya vijana wote wa dunia, naye alifikisha michezo 350 na mabao 62 kisha akarejea kwao. Upande wa pili wa daftari yuko Pavel Datsyuk wa Yekaterinburg, aliyepitwa na vilabu vyote kwa miaka miwili, hata mwaka 1998 Detroit wakamchukua akiwa wa 171, kwa sababu msaka vipaji wao Msweden, Håkan Andersson, alikwenda kumtazama mchezaji mwingine, beki Dmitri Kalinin, na macho yake yakanaswa na huyu mdogo ambaye hakuna aliyemwulizia. Nikita Kucherov alikuwa wa 58, Kirill Kaprizov wa 135, na Artemi Panarin hakuteuliwa na yeyote. Wote hawa walikuwa na mikono. Kilichowatenga na Filatov hakikuwa mkononi, na wala hakikuonekana kwa mtu aliyekodolea kisahani macho.

Kitu hicho ni shingo.

Mtazamaji asiye na mazoea hufuata kisahani kwa macho, na hapo ndipo anapopotea, kwa kuwa mambo yote yenye thamani hutendeka kabla kisahani hakijafika. Chukua hali ya kawaida kabisa, inayotokea mara kadhaa wa kadhaa katika mchezo mmoja: beki amekikuta kisahani nyuma ya goli lake, anakizungusha kwa nguvu ukingoni mwa mbao, na kijana wetu, winga, amesimama karibu na mstari wa buluu, uso umeelekea mbao na mgongo umeelekea kati ya uwanja. Watu wote wanatazama kisahani kikiteleza kandokando ya mbao. Wewe mtazame kidevu. Kijana aliyekamilika hugeuza kidevu begani pale beki anapokigusa kisahani. Hukigeuza tena, safari hii kwa bega la pili, pale kisahani kinapoachwa. Na aghalabu huchungulia mara ya tatu, kwa muda mfupi usiozidi kufumba jicho, wakati kisahani kimebakisha mita tatu kumfikia. Kinapogusa gongo lake yeye amekwisha kujua beki wa adui ameshuka au amebaki, senta wake yuko upande gani, na kama njia ya kati iko wazi. Basi hukipisha kwa mguso mmoja, pengine kwa unyayo wa kiatu, na jukwaani hakuna anayepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyeona tendo lolote.

Kijana mwenye mikono mitupu, nikisema mikono mitupu nakusudia mikono isiyo na kitu kingine, hukingoja kisahani, akakipokea kwa ulaini wa kutamanisha, kisha ndipo akainua kichwa. Katika barafu ya Kirusi jambo hili hupita bila adhabu. Viwanja vingi vya kule vilijengwa kwa upana wa mita 30, na hata leo, ambapo vilabu kadhaa vya ligi ya KHL vimekwisha kuvipunguza, watoto wengi hukulia katika barafu pana yenye nafasi ya kupumua. Barafu ya NHL ina upana wa mita 26 tu. Mita 4 si neno kubwa ukizitaja mezani; ila winga anazilipa zote ubaoni, maana beki wa kilo 100 anayemjia huwa amekwisha kuianza safari, na ule muda wa kuinua kichwa ndio muda wa kufika kwake. Kijana akigongwa mara mbili tatu katika juma la kwanza huanza kukiogopa kile kisahani cha ukingoni, na mwenye hofu hiyo hachezi ng'ambo hata angekuwa na mikono ya malaika.

Mkuu wa elimu hii ya shingo alikuwa Igor Larionov, aliyepewa lakabu ya Profesa na akastahili. Hakuwa na kimo wala kifua, na mbio zake zilikuwa za wastani. Lakini katika fainali ya NHL ya mwaka 2002, mchezo wa tatu, mjini Raleigh, wakati vijana wa umri wa watoto wake wamekwisha kuishiwa na pumzi katika muda wa nyongeza wa tatu, alikuwa yeye, mwenye miaka 41, aliyetulia mbele ya goli akamngoja adui aliyejitupa chini ampite, kisha akafunga. Ukizitazama picha za zamani za Larionov, usitazame anachofanya na kisahani. Tazama anavyoizungusha shingo yake akiwa hana kisahani. Datsyuk naye aliigeuza hekima ileile kuwa silaha ya ulinzi: humjia mtu kwa nyuma, akainua gongo lake kidogo tu, akaondoka na kisahani wakati mwenyewe bado anaamini anacho. Alipata tuzo ya Selke ya mshambuliaji bora wa ulinzi mara tatu mfululizo, 2008 hadi 2010. Wizi wa namna ile haufanywi na mtu asiyejua tangu mapema kisahani kitafika wapi.

Na kwa kuwa wasaka vipaji wamekwisha kujulikana kuwa wanatazama shingo, wametokea wanaoighushi. Nilimwona kijana mmoja katika mashindano ya watoto aliyekuwa akigeuza kichwa kulia na kushoto bila kupumzika, hata mzee mmoja aliyeketi jirani yangu akaanza kuandika jina lake kwa furaha. Katika kipindi cha pili alichungulia bega la kushoto, na adui akaja kwa bega la kushoto, na kijana akageukia palepale kushoto akabebwa na mwili wa adui huyo. Alikuwa amefundishwa kugeuza kichwa, hakufundishwa kuona. Kipimo ni kimoja: baada ya kuchungulia, je, tendo linalofuata limebadilika? Lisipobadilika, shingo ile ni ya uongo.

Hadaa nyingine ni za kale zaidi. Iko ya vyeti vya kuzaliwa, inayojulikana na kila mzee wa viwanja vya Urusi, ambapo mtoto hupunguziwa mwaka mmoja au miwili akacheza na wadogo zake. Huyo usimtafute kwa ndevu, mtafute kwa namna anavyoshinda, maana daima atashinda kwa uzito. Iko na ya picha fupifupi zinazosambazwa na mawakala na akina baba, mabao 30 yamepangwa pamoja na muziki. Picha hizo zote huanza wakati kisahani kimekwisha kufika gongoni. Sekunde mbili za nyuma yake, ambazo ndizo tu zingekufaa, zimekatwa. Mimi sipokei picha ya namna hiyo, nami namshauri kila mtu asiipokee.

Zamani haikuwa hivi. Anatoly Tarasov, kocha aliyeijenga klabu ya CSKA na pamoja nayo hoki yote ya Kisovieti, aliwalea wachezaji watano kama mwili mmoja, na mchezaji asiyejua wenziwe wanne wako wapi hakuwa na mahali katika timu yake. Kutoka katika malezi yale, chini ya kocha Viktor Tikhonov, wakaja Fetisov, Kasatonov, Makarov, Larionov na Krutov, watano waliopitishiana kisahani pasipo kutazamana. Leo mtoto wa miaka 9 ana mwalimu wake wa faragha wa mikono, anazunguka vijiti vya plastiki peke yake saa nzima, na vijiti havisogei wala havimjii mtu kwa nyuma. Nasikitika ninapoyaona hayo, kwa kuwa shingo hujifunzwa katika umri ule, na baada ya miaka 14 sijamwona aliyejifunza.

Mengine nayataja kwa ufupi. Usiketi katikati ya jukwaa. Keti juu, nyuma ya goli, ndipo utakapoona njia zikifunguka. Usimhukumu kijana siku timu yake inaposhinda. Senta ni bora kuliko winga ikiwa mambo mengine ni sawa. Pointi za ligi ya vijana ya MHL, hasa zile zilizopatikana adui akiwa pungufu kwa adhabu, zipunguze nusu. Kimo kisikutishe. Mwili, lakini, uutazame: Vladimir Krutov alikwenda Vancouver mwaka 1989 akiwa bingwa wa dunia na wa Olimpiki, akacheza msimu mmoja tu, amenenepa na amechoka, ilhali Makarov mwenzake, katika msimu uleule, alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora akiwa na miaka 31, hata ligi ikabadili kanuni ili tuzo hiyo isipewe mtu aliyekwisha kutimiza miaka 26.

Kisha ipo mikataba, ambayo imewafukuza wanunuzi wengi kuliko udhaifu wowote wa barafuni. Baina ya NHL na Warusi hapana makubaliano ya uhamisho, na kijana aliyefungwa na klabu ya KHL hungojwa: Kaprizov aliteuliwa 2015 akavuka 2020, Matvei Michkov, ambaye mkataba wake na klabu ya SKA ulikuwa wa hadi 2026, akateremka hadi nafasi ya 7 mwaka 2023, kisha akaachiwa mapema akawasili Philadelphia mwaka 2024. Mwenye shingo angojwe. Na katika miaka hiyo ya kungoja, atakapopandishwa kucheza na watu wazima katika mstari wa nne, dakika nne au tano kwa usiku, usihesabu mabao yake, kwa kuwa hatakuwa nayo; tazama siku atakapopoteza kisahani ubaoni na bao likaingia, kama kocha, katika zamu inayofuata, atamgusa bega aende tena barafuni au atamwacha benchi mpaka kengele ya mwisho.