Chungu Hakianikwi Juani

Shangazi yangu ana miaka 66, na uso wake ulikuwa haujawahi kuguswa na faundesheni. Mambo yake ni sabuni ya kipande, maji, na Vaselini kidogo siku za kanisa. Lakini kitinda mimba wake alikuwa anaolewa, na mama wa bibi harusi hana pa kujificha mbele ya kamera. Wiki mbili kabla ya harusi nikampeleka kwa mpambaji mmoja hapa Kyela mjini, nikidhani ni shughuli ya nusu saa. Tuliingia saa tatu asubuhi. Jibu tulilipata saa kumi na moja jioni.

Mpambaji ni dada wa miaka thelathini na ushee. Alimpa shikamoo, akamkalisha karibu na mlango badala ya kwenye kioo chenye taa, akamtazama kitambo bila neno. Kisha akapitisha mgongo wa kidole shavuni, taratibu, kutoka chini ya jicho hadi tayani.

"Mama, uso una kiu."

Shangazi akacheka. "Mwanangu, kiu Kyela hii?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Anayeshuka kutoka Tukuyu huvua sweta njiani. Fukuto la huku hulowesha kola kabla hujamaliza chai, ndiyo maana wapambaji hukimbilia faundesheni ya mati, ile isiyong'aa na inayokaa kutwa. Ila jasho ni maji na chumvi, si mafuta. Mafuta ya ngozi yana tezi zake, na mwanamke akishakoma hedhi tezi hizo hupunguza kazi. Ndiyo maana paji la shangazi lilikuwa linatoka jasho, na mashavu yake yamepauka vilevile.

Sasa faundesheni ya mati ilitungwa ikilenga uso wenye mafuta. Ndani yake mna unga unaofyonza, mara nyingi silika au kaolini, udongo mweupe ambao vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vinao tele. Zile zinazodumu huwa pia na vimiminika vyepesi vinavyoruka hewani muda mfupi baada ya kupakwa, vikaacha utando ulioshika rangi. Kwa msichana, unga hukuta mafuta ya kunywa. Kwa mtu wa umri wa shangazi, hunyang'anya hata kidogo kilichopo, na utando hukatika kwenye mikunjo kama tope la jaruba maji yakishatoka.

Mpambaji hakukimbilia kuifungua chupa. Aliosha uso kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, akaufuta kwa kuugusa tu, na ngozi ikiwa bado mbichi akapaka losheni ya glisirini, ambayo hushika maji. Juu yake, upande wa kushoto akaweka krimu nyepesi. Upande wa kulia akaweka siagi ya kakao, zao la mashamba ya huku huku, kipande kidogo alichokiyeyusha kati ya viganja.

"Tuone uso utachagua upi," alisema, akaketi.

Dakika kumi na tano zikapita. Mimi nilitazama simu, yeye alitazama mashavu. Halafu akabandika karatasi ya tishu kila upande, akazibandua na kuziinua mlangoni. Ya kushoto ilitoka kavu. Ya kulia ilikuwa na doa linalopitisha mwanga. "Hapa pana kazi," alisema, akaibonyeza tishu nyingine palepale, mara mbili.

Rangi nayo haikuchaguliwa kwa jina lililo chini ya chupa. Alichora mistari mitatu kutoka tayani kuelekea shingoni, akaiacha ikauke, kwa sababu faundesheni mbichi na iliyokauka hazifanani. Kisha akamtoa shangazi nje. Chini ya jua mstari mmoja ulikuwa na sura ya majivu. Huo una unga mweupe mwingi, ule wa titani, ambao juu ya ngozi nyeusi huacha ukungu. Mmoja ulikuwa mwekundu mno. Wa tatu ulikaribia, basi akauchanganya na ule mwekundu kidogo kwenye mgongo wa mkono wake.

Kuchanganya huko kuna historia. Wanamitindo weusi wa Marekani walikuwa wakifanya hivyo hivyo nyuma ya jukwaa, maana maduka hayakuwa na rangi yao. Eunice Johnson, aliyekuwa akiendesha maonyesho ya mavazi ya jarida la Ebony, aliwaona, na mwaka 1973 yakazaliwa mapambo ya Fashion Fair. Leo chupa za rangi zetu zipo, ila mgongo wa mkono wa mpambaji haujastaafu.

Kisha ndipo alipopaka. Punje ya choroko, si zaidi, kwa kila shavu. Sponji aliilowesha, akaikamua mpaka ikawa na ubaridi tu, akaanza katikati ya shavu kwenda nje kwa kugonga-gonga. Hakuburuta hata mara moja. Alimaliza shavu moja kabla ya kugusa la pili, kwani utando ukishaanza kushika, mkono unaorudi nyuma huubandua. Chini ya macho hakuongeza kitu, alipitisha yale mabaki ya sponji. Poda aliipeleka puani, kwenye paji na kidevuni, basi.

Shangazi ndiye aliyesema, huku amefumba macho: "Mbona kama Wakisi na vyungu vyao?"

Nami nikaona. Wakisi wako Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, na vyungu vyao huja kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Ufinyanzi ni kazi ya kungoja. Udongo husuguliwa kwa jiwe laini wakati si mbichi tena wala haujakauka. Ukiwahi, jiwe linazama. Ukichelewa, linakwaruza. Kisha chungu hukaushwa kivulini, maana jua hukausha nje kabla ya ndani, nacho kikapasuka. Hata wekundu wa vyungu hivyo na wa faundesheni ni wa ukoo mmoja: rangi nyekundu na ya njano za faundesheni ni oksidi za chuma, kama zile zinazoupa udongo wekundu wake.

"Sasa nenda nyumbani ukapike," mpambaji alimwambia shangazi. "Usiuonee huruma uso."

Akapika wali na samaki wa magege, akainamia sufuria, mvuke ukampanda. Akabishana na jirani. Akacheka. Saa saba mpambaji alikuja na kioo kidogo na daftari. Upande wa kulia shavu lilikuwa limeanza kumeta, na kando ya pua rangi ilikuwa imesogea. Kushoto palikuwa pametulia, hapajapauka wala kukatika. Akaandika, akaondoka. Saa kumi na moja alirudi. Kulia palikuwa pamekwisha kuteleza. Kushoto pameshika, isipokuwa mahali pamoja ambapo pande zote mbili zilishindwa: kwenye pembe za mdomo, palipokuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Alipafuta kwa kitambaa kibichi, akapaka upya kiasi kidogo kuliko mwanzo, akamwomba shangazi acheke. Ufa ukarudi. Akafuta tena, akapaka nusu ya kile kidogo. Shangazi akacheka bila kuombwa, ufa ukarudi. Mara ya tatu alifuta, akasogeza kioo, akaacha ngozi tupu, rangi ikiishia hatua ndogo kabla ya mkunjo. Niliutafuta mpaka huo, nisiuone.

Aliandika kwenye daftari: krimu, si kakao. Pembe za mdomo, acha.

Shangazi alijitazama kushoto, akajitazama kulia. "Ndaga fijo," alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa. "Na hapo mdomoni, hutarudia tena?"

"Hapana, mama. Hapo siku ya harusi utapatumia sana."