Pongezi kwa mtunza depo wa Dilala, Kolwezi

Ukimwuliza, "Papa, simiti yangu itafika lini?" hajibu papo hapo. Anafungua kufuli, anaingia ndani, anahesabu mifuko ya kilo 50 mmoja mmoja, anaondoa katika hesabu ile iliyokwisha kulipiwa na wengine, ndipo anataja siku. Nampenda kwa hilo.

Bidhaa nyingi za ng'ambo hufika Kolwezi kutoka bandari za mbali, Dar es Salaam au Durban, zikipitia mpaka wa Kasumbalesa, ambako foleni ya malori haina ratiba. Ndiyo maana mzigo ulioko barabarani yeye hauhesabu. Fundi aliyekwisha kuita vibarua wa Jumatatu anajua uzito wa neno lake: mchanga umemwagwa, maji yamechotwa, na mifuko ipo.