Mtungi Utokao Jasho

Nyumbani kwa bibi mtungi ulikaa pembeni, juu ya kichanga ambacho hakikukauka mwaka mzima. Sisi wajukuu tulikuwa tukikichimbachimba kwa vidole vya miguu huku tukingoja zamu ya kata. Mtungi haukuwa na ufa, lakini kichanga kililoa. Bibi alisema mtungi unatoka jasho, na ndivyo ilivyo: maji hupenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, hufika nje, hewa huyachukua, nayo yakiondoka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata saa nane mchana.

Siku hizi jokofu limeutoa mtungi kwenye ile kona. Mimi nimeupatia kazi nyingine. Nimeufukia hadi shingoni katika bustani yangu hapa Dodoma, mji ambao mvua zake huanza mwezi wa kumi na mbili, zikakatika mwezi wa nne, na miezi yote inayobaki mboga huishi kwa ndoo. Jasho lililokuwa likipotea hewani sasa linanywewa na nyanya na mchicha.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba mtungi hauniulizi mimi. Udongo ukikauka kandokando yake, huyavuta maji kupitia ukuta wake. Ukishiba, huacha kuvuta, na maji yaliyomo hutulia. Mizizi ikinywa, udongo unakauka kidogo, mtungi unaachia tena. Miaka mingi nilimwagilia kwa kukisia, leo maji mengi, kesho nimesahau, na juu ya tuta pakawa na tope asubuhi na gamba gumu jioni. Sasa juu pakavu, magugu yamepungua kwa kukosa unyevu, na chini pana ubichi usiokoma.

Njia hii si ngeni duniani. Huko Uchina, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Fan Shengzhi aliandika kitabu cha kilimo na kueleza jinsi ya kufukia chungu katikati ya shimo, mdomo wake ukiwa sawa na ardhi, kukijaza maji, kupanda mbegu nne za tikiti kukizunguka, na kukifunika kwa kigae. Zaidi ya miaka 2,000 imepita, na ningefuata maelezo yale yale bila kuongeza mengi.

Lakini sifa za bustani hii nampa mfinyanzi. Mama ninayenunua mitungi kwake hana gurudumu wala tanuri. Huutwanga udongo wa mfinyanzi, huuchanganya na vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni, kisha hufinyanga huku yeye ndiye anayeuzunguka mtungi, akirudi kinyumenyume, kiganja kimoja ndani na kingine nje, mpaka ukuta uwe na unene mmoja kutoka kitako hadi bega. Huuanika kivulini siku kadhaa. Siku ya kuchoma huupanga pamoja na wenzake juu ya kuni, huufunika kwa majani makavu na samadi, na kuwasha uwanjani. Moto wa namna hiyo hupita digrii 600, lakini ni nadra uzidi 900. Kikombe cha kauri huchomwa kwa zaidi ya digrii 1,200, mpaka udongo uyeyuke ndani kwa ndani na kuziba kama kioo. Mtungi ukiiva kiasi hicho, hautoi jasho tena. Usipoiva, utarudi kuwa tope ardhini. Yeye hukaa katikati ya mambo hayo mawili bila kipimajoto, kwa kuitazama rangi ya moto, na baadaye kwa kuugonga mtungi kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza.

Kwamba mtungi lazima utoe jasho nilijua kwa hasara. Mtungi wangu wa kwanza niliununua dukani, ukiwa umepakwa vanishi ung'ae sebuleni. Niliufukia, nikaujaza, nikafurahi kwamba maji hayapungui. Wiki ya tatu ulikuwa bado umejaa, na miche minne ya nyanya imekauka kando yake. Nilipomsimulia yule mama, hakucheka. Alisema, "Mwanangu, umeuziba pumzi." Tangu siku hiyo kila mtungi naujaza kwanza na kuuacha kivulini usiku kucha, asubuhi napapasa ubavu wake, na usipokuwa na ubaridi wa unyevu sizungumzi tena habari ya kuufukia.

Shimo nalichimba pana kuliko mtungi mara mbili, narudishia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, nikiushindilia taratibu kwa mikono ili uuguse ukuta kila mahali, kwa sababu penye uwazi maji hayavuki. Shingo naiacha ichomoze vidole viwili, maji ya mvua yasiingize taka, na kifuniko hakikosekani: bila kifuniko jua litakunywa fungu lake na mbu watazalia humo. Miche naipanda shubiri moja kutoka ubavuni, nayo huhitaji kumwagiliwa kwa mkono siku za mwanzo, mpaka mizizi ifike. Baada ya hapo naongeza maji kila baada ya siku tatu au nne, kabla hayajafika nusu. Udongo wa kichanga kidogo kama huu wetu mwekundu unaipenda kazi hii. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi maji husafiri polepole.

Mwezi uliopita, nyanya zilipokwisha, niliufukua mtungi mmoja ili niuchunguze. Haukutoka peke yake. Mizizi ilikuwa imeufuma pande zote, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, ikaganda ukutani hata nilipoinua mtungi ule nikainua na kichaka kizima. Nilimpelekea yule mama kama ulivyokuwa. Aliuweka mapajani, akaipekua mizizi polepole kama anayefumua nywele za mtoto, akafika kwenye ukuta, akaugonga kwa kifundo, akainamisha sikio.

"Bado mzima," akasema. "Rudisha kazini."