Tanuri la Wahaya: Tuangalie Shimoni

Goroli ya gobore haimsumbui fundi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na joto hilo hupatikana kwenye mafiga ya jikoni kwa kuni kavu na kupepea kidogo. Mwenye kalibu humimina, husubiri ipoe, hufungua, na goroli imekwisha. Kazi ngumu ilikwishafanywa zamani na yule aliyeyatoa madini hayo katika mwamba.

Chuma hakiendi hivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, na mafundi wa kale wa Buhaya hawakukiyeyusha, wala hawakuhitaji. Walikitoa ndani ya jiwe kikiwa bado kigumu, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kutoka Kibeta, mjini Bukoba, hadi Katuruka, upande wa Maruku, si safari ndefu, na ni huko Katuruka ambako ufundi huu ulianza kujulikana duniani. Ulisifiwa sana, na ulistahili. Lakini nionavyo mimi, sifa iliangukia kiungo kisicho chenyewe cha tanuri.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, mahali ambapo masimulizi ya wazee yanapataja kuwa makao ya Mukama Rugomora Mahe, mtawala wa karne ya 17. Wazee walimwelekeza kwenye mti uitwao Kaiija, wakamweleza kuwa pale ndipo wahunzi walipofanya kazi. Chini ya ardhi yalikuwepo mabaki ya kazi ya chuma, tena ya kale kumpita Rugomora Mahe kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walikuwa wameitunza habari ya mahali pale vizazi baada ya vizazi, hata baada ya falme kupita.

Baada ya hapo Schmidt alishirikiana na Donald Avery, mtaalamu wa uhandisi wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Kuanzia mwaka 1976 waliwaomba wazee wa Kihaya waliotoa chuma ujanani wajenge tanuri tena na kuliwasha. Ombi hilo halikuwa dogo. Majembe na vyuma chakavu kutoka nje vilikuwa vimeua kazi hiyo miongo kadhaa kabla, na wazee hao walikuwa wakikumbuka kwa mikono mambo ambayo hawakuyagusa tangu ujana wao. Mambo hayakwenda sawa mara moja. Walirekebisha, wakajadiliana, wakajaribu tena. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya waandishi hulieleza jaribio lile kama vile wazee walifuata maandishi yaliyokuwa tayari. Walikuwa wakitafuta njia, kama mafundi wote wanavyotafuta.

Tanuri lenyewe lilikuwa hivi. Chini kulikuwa na shimo la duara, limekandikwa udongo wa kichuguu, ambao ni laini na hushikana vizuri. Juu ya shimo ulijengwa mnara mfupi, mpana chini na mwembamba juu, ambao hauzidi sana kimo cha mtoto. Matofali yake hayakuwa matofali: yalikuwa mavi ya chuma, yale mabaki meusi yenye kung'aa ya kazi zilizotangulia, yameunganishwa kwa udongo. Mkulima wa huku akichimba shimo la mgomba akakuta jiwe zito jeusi lenye vitundu, mara nyingi ameshika takataka za tanuri la namna hiyo. Kuzunguka kitako cha mnara ziliwekwa jozi za mivukuto, na kutoka kwenye mivukuto yakaingia mabomba ya udongo hadi ndani kabisa ya tanuri.

Mabomba hayo ndiyo yaliyozua kelele. Septemba 1978, katika jarida la Science, Schmidt na Avery waliandika kwamba Wahaya na waliowatangulia, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walitumia hewa iliyopashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwa njia hiyo wakapata feleji, yaani chuma chenye kaboni. Hoja yao ilikuwa kwamba bomba likikaa ndani ya tanuri, ukuta wake unawaka, na hewa inayopita humo hupata joto kabla haijatoka. Ulaya ilianza kupasha hewa ya matanuri mwaka 1828, pale James Beaumont Neilson alipopata hataza yake huko Glasgow. Magazeti yakafanya hesabu ya haraka: Afrika imeitangulia Ulaya kwa karne nyingi.

Mtu wa Bukoba akiisoma habari hiyo atajisikia vizuri, nami nilijisikia vizuri. Shida ni kwamba hoja ya hewa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika andiko lile. Mwaka 1986 J. E. Rehder, aliyebobea katika mambo ya matanuri, aliipinga kwa hesabu za joto, na Avery na Schmidt wakamjibu, ubishi ukaendelea. Ukiupima kwa akili ya karakana, ubishi huo si wa maneno matupu. Hewa inayosukumwa na mvukuto hupita ndani ya bomba kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na udongo haupitishi joto vizuri. Kisha kipimajoto kikiwekwa ndani ya bomba, mbele yake kuna makaa meupe kwa moto. Kinapokea mng'ao wa makaa hayo moja kwa moja, kwa hiyo namba inayosomeka si lazima iwe joto la hewa. Hewa ilipata joto kiasi gani? Kiasi fulani, bila shaka. Kama kiasi hicho kilitosha kubadili kazi nzima ya tanuri, hilo halijathibitishwa kwa namna ya kumridhisha mpinzani.

Mabomba kuingizwa ndani kuna faida nyingine zisizotegemea hoja hiyo. Kwanza, kitovu cha moto huhama kutoka ukutani kwenda katikati, hivyo mnara haubomoki mapema na joto halipotei pembeni. Pili, ncha za mabomba huyeyuka polepole, na udongo wake huchanganyika na uchafu wa mawe na kuufanya utiririke. Vipande vya mabomba vilivyochimbuliwa Kemondo, mahali pengine pa Buhaya, vinaonyesha dalili za kuungua kwa nje, dalili kwamba yalikaa ndani ya moto. Hapo Schmidt na wenzake wana haki yao: desturi ya kuingiza bomba ndani ni ya kale, na ushahidi wake upo mkononi.

Sasa twende chini, kwenye shimo, ambako nadhani macho yote yangepaswa kuelekea tangu mwanzo.

Kabla ya kujenga mnara, wazee walichukua matete na nyasi za kinamasi, wakazichoma ndani ya shimo. Hawakuziacha ziwe majivu. Walizichoma hadi zikawa makaa meusi, wakaongeza nyingine juu, wakaendelea hivyo mpaka shimo likajaa makaa ya matete. Baada ya hapo ndipo mnara ukasimama juu yake, yakafuata makaa ya miti pamoja na mawe ya chuma. Na mawe hayo yalikuwa yamekwisha kuokwa kwenye moto wa wazi, ili maji yatoke na jiwe lipasuke vizuri.

Kinachotokea humo ni hiki. Juu, makaa ya miti yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huivua oksijeni ile iliyoshikana na chuma katika jiwe. Sehemu ya jiwe hugeuka chuma. Sehemu nyingine huungana na mchanga na kuwa mavi ya chuma, ambayo huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,200 na kushuka kama uji mzito. Uji huo bado umebeba chuma kingi ambacho hakijavuliwa oksijeni. Katika matanuri mengi ya kale duniani chuma hicho hupotea moja kwa moja. Fundi hukubali hasara, huutoa uji, huutupa.

Katika shimo la Mhaya uji haufiki chini ukatulia. Unaangukia kwenye msitu wa makaa ya matete, membamba, matupu ndani, yenye nyuso nyingi mno za kaboni kwa uzito mdogo. Uji ukigusa kaboni, chuma kilichobaki ndani yake huvuliwa oksijeni papo hapo na gesi hutoka kwa mapovu, unachemka. Chembe za chuma hukua ndani ya uji huo moto, nazo hupata kaboni kutoka kwenye matete yale yale. Mwaka 1979 Avery na Schmidt walieleza jambo hili katika andiko la kimetali, wakasema kwamba chuma cha Buhaya kilijengeka kwa kukua kwa fuwele ndani ya uji, tofauti na maelezo ya kawaida kwamba punje ndogo hugandamana tu zikishuka. Andiko hilo halikupata hata robo ya umaarufu wa lile la mwaka uliotangulia, na nalihesabu kuwa ndilo kubwa zaidi.

Kwa sababu ugumu wa chuma wote uko kwenye kaboni. Bila kaboni ya kutosha unapata chuma laini, jembe linalopinda kwenye ardhi ya mawe. Kaboni ikizidi sehemu 2 kwa 100 unapata chuma kinachoyeyuka mapema lakini kinapasuka chini ya nyundo, na kwa mhunzi hicho hakifai kitu. Kati ya hapo kuna feleji. Fundi wa Buhaya hakuwa na namna ya kupima kaboni. Alikuwa na matete, akajua ni kiasi gani cha kujaza shimoni, achome hadi yafikie hali gani, na asimamishe kazi lini. Bonge lililotoka halikuwa sawa kote. Upande mmoja feleji, upande mwingine chuma laini, na uchafu kati yake. Mhunzi ndiye aliyelipasha tena moto, akalipiga, akatoa uchafu na kuchagua vipande. Kwa hiyo anayesema tanuri lilitoa feleji tupu anaongeza chumvi, na anayesema feleji ilipatikana kwa bahati hajaangalia shimo.

Linganisha na Ufipa, upande wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Huko walisimamisha malungu, minara mirefu inayomzidi mtu kimo, yenye kuvuta hewa yenyewe bila mvukuto, kisha bonge likapelekwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe kusafishwa zaidi. Tatizo lile lile, jibu jingine kabisa. Mfipa aliongeza urefu na hatua ya pili; Mhaya alitengeneza kitako.

Wanaakiolojia wana bahati na kitako hicho. Mnara huvunjwa ili bonge litolewe, mabomba huvunjika, mivukuto ya mbao na ngozi huoza. Shimo hubaki. Kemondo, kwenye maeneo ya uchimbaji ambayo Schmidt na S. Terry Childs waliandika habari zake mwaka 1985, mavi ya chuma yalikutwa na alama za matete zilizogandishwa ndani yake, kwa maana uji ulipoa ukiwa umeyakumbatia. Katika sakafu za matanuri ya kale kuna pia vishimo vidogo, ambavyo Schmidt na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1997 walivihusisha na dawa zilizofukiwa kulinda kazi. Fundi aliyeweka dawa chini ya matete alijua ni wapi kazi yake inaweza kuharibika.

Ubishi wa hewa umekula miaka mingi, na jaribio la kuupita lipo wazi. Yajengwe matanuri mawili ya kimo kimoja, mawe ya mlima mmoja, makaa ya mti mmoja, mabomba ya urefu uleule yaliyoingizwa ndani sawasawa, mivukuto ipigwe na watu walewale wakibadilishana zamu. Shimo moja lijazwe makaa ya matete kutoka mabonde ya huku, lingine lijazwe makaa ya miti peke yake. Mabonge mawili yakitoka yakatwe katikati, yapimwe uzito na kaboni, na mavi ya kila tanuri yapimwe chuma kilichobaki ndani yake.