Sifa za Bakuli: Phở katika Kalamu za Hanoi

Phở ni supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa, mdalasini, karafuu na iliki nyeusi. Humiminwa ingali moto juu ya tambi bapa za unga wa mchele na vipande vyembamba vya nyama. Si chakula cha kale. Kilizuka Kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, katika zama za Wafaransa, ambao ulaji wao wa nyama ya ng'ombe uliongeza uchinjaji na kuacha mifupa tele. Hata hivyo, haikupita miaka sitini ila kilikwisha pata washairi wake, watetezi wake na washitaki wake.

Mshairi wa dhihaka Tú Mỡ (1900–1976) alikitungia Phở đức tụng. Tụng ni bahari ya zamani ya kusifia fadhila za watukufu. Yeye akalivika vazi hilo chakula cha mchuuzi mwenye mzega begani. Kicheko kinatoka hapo, na chini ya kicheko ipo hoja: tajiri na fukara hukutana penye bakuli moja. Lakini watu wa shairi hilo ni aina tu za watu. Wapita kwa safu, kila mmoja na tabaka lake, wala hakuna mwenye uso.

Nyuso zililetwa na Nguyễn Tuân (1910–1987). Insha yake iitwayo Phở ilitoka mwaka 1957 katika jarida la Văn, nayo ilichochewa na safari ya Helsinki, alikohudhuria mkutano wa amani. Humo wachuuzi wana majina ya silabi moja. Wengine waitwa kwa vilema vyao, na mmoja kwa kofia aliyozoea kuivaa. Mwandishi ana sheria kali: phở ya asili ni ya ng'ombe, na huliwa asubuhi, adhuhuri, jioni hata usiku wa manane. Yumo pia mtu anayehofu kwamba maendeleo yatakuja kuitia phở mikebeni. Hofu hiyo yajibiwa kwa imani kwamba maadamu Wavietnam wapo, phở itakuwapo.

Kwa insha hiyo alilaumiwa. Haifai kulidharau swali lililokuwamo ndani ya lawama: je, mwandishi ana haki ya kutumia kurasa kadhaa kusifia supu katika nchi inayojijenga upya, ambayo njaa ya 1945 iliua watu wake kwa malaki? Jawabu limo katika insha yenyewe. Aliyeona njaa ndiye ajuaye thamani ya bakuli lililojaa, na sifa za Nguyễn Tuân hazimtukuzi mlaji bali mikono inayopika. Waliodai kwamba amewatoroka wananchi hawakuwaona wananchi waliojaa tele katika kurasa zake.

Vũ Bằng (1913–1984) alitoka Hanoi mwaka 1954, akamwacha mkewe na mtoto, akaishi Saigon. Kitabu chake Miếng ngon Hà Nội, kilichochapishwa mwaka 1960, chafunguliwa kwa phở ya ng'ombe. Mvuke, harufu na wekundu wa nyama vyaelezwa na mtu asiyeweza kuvirudia, na mkewe akafariki mwaka 1967 nchi ingali imegawanyika. Kwa miaka mingi majonzi hayo yalisomwa kuwa ya mtoro, mpaka mwaka 2000 ilipothibitishwa rasmi kuwa alikuwa mpelelezi wa Kaskazini. Yaumiza kukisoma kitabu hicho kwa kuyajua hayo. Lakini uchungu wa maisha si kipimo cha sanaa. Mapenzi yake hayaachi dosari hata moja mezani, na sifa zikifuatana bila kupumzika, ulimi wa msomaji hukinai.

Kwa hiyo tuzo ni ya Nguyễn Tuân, ambaye anapenda na kuteta kwa pamoja. Kwake sifa ina chumvi, na kila tamko lina mtu nyuma yake. Ndiyo maana mfasiri akiandika “supu ya tambi” atakuwa ametaja vilivyomo bakulini tu, akawaacha watu wote nje.

Vita vya Marekani vilipopamba moto, phở ya maduka ya serikali ilikosa nyama. Wana Hanoi, waliokuwa wakiziona angani ndege za upelelezi zisizo na mtu ndani, wakaiita “phở isiyo na rubani.” Mzaha huo ulitungwa na umma wenyewe, nao ni hukumu kwa waliomshitaki mwandishi. Nyama ilikwisha, jina likabaki, na watu wakalitumia kuchekea njaa yao. Alichokitetea Nguyễn Tuân mwaka 1957 hakikuwa anasa ya mtu mmoja. Kilikuwa neno ambalo watu wake wangelihitaji siku ambayo bakuli lingekuwa na maji na tambi tupu.