Mfu wa Nani? Mwongozo wa Kuipima Filamu ya Mazombi

Mtu aliyekulia Muleba au Bukoba Vijijini hahitaji kuelezwa wafu wanakaa wapi. Wahaya huzika kibanjani. Kaburi la babu liko palepale kwenye migomba, hatua chache kutoka jikoni, na wajukuu hulipita kila siku wakienda kukata majani ya kufunikia chakula. Filamu nyingi za Marekani huwatoa wafu makaburini nje ya mji, wakaja wakijikokota barabarani. Mfu wa Kagera akiamka hana safari: ameshafika. Kwa sababu hiyo mtazamaji wa huku, awe kwenye banda la video Bukoba mjini au sebuleni kwake Kamachumu na flashi aliyojaziwa filamu, ana haki ya kudai zaidi ya damu na meno.

Dai lake la kwanza liwe swali moja: mfu huyu ni wa nani? Kanda ya Ziwa husimuliwa habari za msukule, mtu anayesemekana kuchukuliwa kwa uchawi huku nduguze wakizika gogo la mgomba wakidhani wanamzika yeye. Usiku hulimishwa mashamba ya watu, hulishwa pumba, hakumbuki kwao. Anayesimulia hakawii kwenye sura yake. Anakuambia mama yake ni nani, alisoma na nani, alitoweka mwaka gani. Hofu yote imekaa kwenye ukoo. Filamu isiyompa mfu wake ndugu, hata ikiwa na vipodozi vya mamilioni, inaonyesha tu watu waliopakwa unga wakikimbizana.

Kabla mfu wa kwanza hajaamka

Mjuzi huanza kuipima filamu kabla haijatisha. Nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye siri, kwa sababu hapo ndipo watu wanapofahamika.

Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka mwaka 1968, inamwonyesha Johnny akimtania dada yake Barbra kaburini, kisha anauawa. Mtazamaji anamsahau. Karibu na mwisho wafu wanavunja nyumba, na miongoni mwa mikono inayomkamata Barbra imo ya Johnny. Romero alikuwa na dola zinazokadiriwa 114,000 tu, fedha kidogo sana kwa sinema ya Marekani hata wakati ule. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, hakuna aliyejua. Kilichoishi zaidi ya miaka 50 si hiyo damu, ni kaka aliyerudi.

Wakorea walilijua hilo vizuri. Katika Train to Busan ya Yeon Sang-ho (2016) wamo mabibi wawili, mtu na dada yake. Mmoja anageuka zombi, na mwingine anamwona kupitia kioo cha mlango wa behewa. Anamtazama. Anawatazama abiria wachoyo waliojifungia naye upande wa pili. Kisha anaufungua mlango. Watu wengi wanakufa kwa kitendo hicho, na bado mtazamaji anamwelewa bibi yule. Filamu ikiweza kukufikisha hapo, ipe alama za juu.

Ugonjwa uwe na sheria

Hapa ndipo Zibahkhana inapostahili kutazamwa kwa makini. Ni filamu ya Pakistani ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Omar Ali Khan, mtu aliyekuwa akiuza aiskrimu Islamabad na kukusanya mabango ya sinema za zamani. Vijana watano wanawadanganya wazazi wao, wanapanda gari kwenda kwenye tamasha la muziki, na wanapotea njia. Mazombi wanaowakuta hawakutokana na mizimu wala maabara ya siri. Wametokana na maji machafu. Khan alilichukua tatizo ambalo raia wa Pakistani wanalilalamikia kila siku, akalisukuma hatua moja mbele. Mmoja wa vijana anang'atwa, na tangu hapo hofu inahamia ndani ya gari.

Chanzo kizuri namna hiyo kinaleta wajibu. Filamu ikishasema ugonjwa unaambukizwaje, isijikane. Katika 28 Days Later ya Danny Boyle (2002) maambukizi ni kwa damu na yanashika ndani ya sekunde. Baba mmoja, Frank, anainua macho kumtazama kunguru anayedonoa maiti, na tone moja linamdondokea jichoni. Anajua. Anamwambia binti yake kwamba anampenda, kisha anamfokea akae mbali naye. Hakuna dawa ya dakika ya mwisho, na ule msemo wa mabanda ya video kwamba stelingi hafi haumsaidii.

Watazamaji wa Kagera ni wakali kwenye kipengele hiki, na wana sababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini, na watu 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 vikarudi, safari hii Biharamulo. Watu waliowahi kuambiwa wasimguse marehemu wao wanaitambua mara moja filamu inayodanganya: mhusika anarushiwa damu mdomoni, anajifuta kwa mkono wa shati, na kesho yake yuko mzima kwa kuwa mwandishi bado anamhitaji.

Mabega ya wabebaji

Uigizaji wa zombi hupimwa kwenye viungo, si usoni. Tazama kama kila mfu ana ulemavu wake mwenyewe au wote wamefundishwa kuchechemea kwa namna moja. Katika Train to Busan waigizaji walifundishwa na waalimu wa ngoma, na inaonekana: mgongo unavunjika kwanza, shingo inafuata, miguu inachelewa.

Kwa filamu za kwetu, kipimo kizuri zaidi ni eneo la msiba. Tazama jeneza linavyobebwa. Likiwa tupu, linapanda juu ya mabega na kuyumba, na wabebaji wanatembea kama waliobeba meza. Likiwa na uzito, magoti yanalegea kidogo, hatua zinafupika, na wa nyuma hawaoni njia, wanasikiliza miguu ya wa mbele. Kisa cha msukule kinadai uzito huo, maana gogo la mgomba bichi limejaa maji, na ndiyo sababu kwenye masimulizi wazikaji hawashtuki. Mwongozaji mwangalifu ataweka gogo kweli ndani ya jeneza. Ataacha na utomvu uonekane kwenye nguo ya mtu mmoja, kwa kuwa kila mkulima wa Muleba anajua doa la mgomba halitoki kwa sabuni.

Kimya, na mwenye kipaza sauti

Hofu huingia kwa sikio. Filamu dhaifu hupiga kinanda kwa nguvu kila mlango unapofunguka. Filamu nzuri hukuachia mlio mmoja wa kawaida, kisha huukata.

Huku kwetu kuna fundi wa pili wa sauti: DJ anayetafsiri. Sanaa hiyo imeshamiri pande zote za mpaka, kwa Kiganda huko Kampala na kwa Kiswahili Dar es Salaam, ambako Lufufu alijijengea jina kubwa. DJ bora huongeza utamu kwa kumpa mhusika jina la mtaani na kueleza jambo geni kwa mfano wa hapa. Katika filamu ya mazombi, hata hivyo, ubora wake hupimwa kwa wakati anaonyamaza. Akisema "mwangalie huyo nyuma yake" sekunde mbili kabla ya mfu kutokea, amekuibia kitu ulichokilipia.

Nani analaumiwa

Kipimo hiki kisirukwe. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu baada ya miaka mingi ya moshi wa jikoni. Filamu ya msukule inayomkimbilia bibi kizee mwenye macho mekundu kila inapohitaji mchawi ni filamu mbaya kisanaa, kwa kuwa imechagua jibu ambalo kila mtu analo, na ni mbaya zaidi nje ya banda, kwa majirani wa bibi huyo. Mwandishi mwenye kipaji atamtafuta anayefaidika: shamba la nani linalimwa bure usiku?

Hukumu

Zibahkhana inafaulu kwenye chanzo na kwenye mahali. Inampa heshima pia mzee Rehan, aliyecheza mnyonya damu katika Zinda Laash ya mwaka 1967, kwa kumweka kwenye kibanda cha chai njiani akiwaonya vijana wasiomsikiliza. Inapoteza alama baadaye. Muuaji aliyejifunika burka anapoingia na rungu lake la miiba, mazombi wanaachwa nyuma na yale maji machafu hayaulizwi tena. Ni muuaji asiyesahaulika, lakini amekuja kutoka filamu nyingine.

Shumileta ya Mussa Banzi, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2005 baada ya Nsyuka yake, ina udhaifu wa namna tofauti. Ujanja wake wa kompyuta umechakaa. Ila jini wake wa kike anampenda mwanamume wa kibinadamu, na kwa hiyo anapitia sebuleni na chumbani, mahali ambapo watazamaji wanaishi. Kwa swali la mfu ni wa nani, Banzi aliyejitegemea kwa vifaa hafifu anawashinda wengi wenye fedha.

Anayetaka kujizoeza aanze na ile ya Romero, ambayo haina hakimiliki Marekani kwa sababu wasambazaji walisahau kuweka alama yake walipobadilisha jina la filamu. Inapatikana bure na kihalali kwenye intaneti. Aitazame mara ya kwanza mfululizo. Mara ya pili azime sauti kwa dakika kumi na kutazama miguu tu. Kisha afungue Zibahkhana, na kabla ya nusu saa kwisha aandike jina la kila kijana ndani ya gari na uongo aliomwambia mzazi wake. Akikumbuka matatu kati ya matano, mwongozaji amefanya kazi yake ya kwanza, na ndipo inapofaa kuanza kuangalia damu.