Lugha ya Mgonjwa katika Filamu ya Dr. Kotnis Ki Amar Kahani

Filamu hii ya V. Shantaram (1946) inasimulia maisha ya Dwarkanath Kotnis, daktari wa Solapur aliyekwenda China mwaka 1938 pamoja na wenzake wanne kutoka India, kuwatibu majeruhi wa vita dhidi ya Japani. Alifia huko Desemba 1942, akiwa na umri wa miaka 32.

Shantaram, ambaye ndiye anayemwigiza Kotnis, anakijenga kifo hicho kwa ustadi. Kasoro iko kwingine. Wahusika wakuu wa Kichina wanaigizwa na Wahindi na wanazungumza Kihindi. Hata Qinglan, mke wa Kotnis, anaigizwa na Jayashree. Wahakiki wengi wataiita hiyo kaida ya sinema ya wakati ule, na ni kweli. Hata hivyo, mtazamaji wa Pemba ana sababu ya kusita. Katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, madaktari wa Jimbo la Jiangsu wamepokezana kwa miongo kadhaa, na mara nyingi maumivu ya mgonjwa hupitia kwa mkalimani kabla ya kumfikia tabibu. Asemaye tumbo linamkata hakusema sawa na asemaye linamsokota. Tofauti hiyo ikipotea, uchunguzi huanza vibaya.

Kotnis halisi alijifunza Kichina hadi akakitumia kufundishia tiba. Filamu imemtukuza kwa kufa kwake, ikaifuta kazi hiyo ya miaka, kwa kuwa katika China ya Shantaram hakuna neno lolote ambalo daktari huyu halielewi.